Kikombe cha Saruji Juu ya Jenereta

3 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima, hofu ni kwako na miguu yako. Mwanao sasa ndiye msimamizi wa saruji kwenye kisima cha gesi. Mabomba ya chuma tumeshayateremsha, saruji tumeisukuma ikayazunguka kwa nje, nami nimetia sahihi kwamba imekauka. Bosi alikuwa na haraka, lakini ile kidogo tuliyoweka kikombeni ili kuipima ilikuwa jiwe baada ya muda wa saa nane tu. Baada ya majuma mawili tutaifikia gesi.

Mwanao.

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, miguu inalalamika kama kawaida yake. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara damu imenichemka. Kikombe mlikiweka wapi? Usijibu, najua: juu ya jenereta yenye moto, kwa kuwa hapo ndipo penye nafasi. Nimechimba visima miaka thelathini.

Nisikilize taratibu. Chini kabisa kuna joto, saruji ya huko hukauka upesi. Huku juu ni baridi, saruji bado ni uji. Na gesi haiombi mlango. Upenyo wa unywele unaitosha kupanda nje ya bomba mpaka chini ya viatu vyenu, na cheche moja tu itawalipua wote. Wewe umepima joto la jenereta, ukaandika kwamba ni kisima. Huo ni uongo, na sikukulea hivyo. Kafute sahihi yako kabla hamjaifikia gesi. Ukiona haya, sema baba yako ni mzee mkorofi.

Baba yako.

16 Machi

Shikamoo baba,

Mwili mzima, mengine usiulize. Barua yako ilinikasirisha siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimwomba bosi tusimame tupime upya. Akaniuliza kama nimeajiriwa na yeye au na baba yangu. Nikaifuta sahihi mbele yake, akanifukuza, na fomu mpya akampa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nilimshika mkono, nikamweleza habari ya jenereta.

Akasema, “Shemeji, wewe ukifukuzwa una baba wa kurudi kwake. Mimi nina nani?”

Akatia sahihi bila kunitazama.

Kesho wanaifikia gesi. Sijarudi nyumbani, baba. Nasimama getini, na kila zamu inapofika nawaeleza kama ulivyonieleza, mpaka sauti imenikauka. Asubuhi hii watu sita wamegoma kuingia.

Shemeji ameingia.

Mwanao.