Madaftari Hayana Mfupa

Jumapili, Kabondo. Mvua imenyesha tangu asubuhi na sina hamu hata ya chai.

Leo, sebuleni kwangu, wamemfukuza mke wa mtu kwa kosa langu. Naandika wazi hivyo kwa sababu mbele ya watu sikuweza.

Tonton Anselme, mdogo wa marehemu baba yangu, anaishi Bengamisa na ana bunduki ya kuwindia aliyoirithi kwa babu. Miaka yote aliingia porini na risasi za ncha ngumu, zile zinazomtoboa mnyama na kutokea upande wa pili. Likizo iliyopita nikamcheka. Mimi ni mwalimu wa fizikia, bwana, siwezi kumwona mtu anakosea nikanyamaza.

Nikamweleza mbele ya familia nzima. Risasi inayopita inaondoka na nguvu zake, inakwenda kuzimalizia kwenye mti. Yenye ncha laini inafunguka ndani na kumwachia mnyama nguvu zote. Nusu ya masi, mara kasi, mara kasi: niliandika kwa mkaa ukutani mwa jiko lao, na mama mwenye jiko hakulalamika.

Kisha nikataka waone kwa macho. Nilichukua madaftari ya zamani ya wanafunzi wangu, nikayaloweka kwenye beseni, nikayapanga uani. Tonton akapiga mara mbili. Risasi ngumu ilitoboa tundu dogo ikapotea. Ile laini tuliikuta katikati ya karatasi, imefunguka kama uyoga, imechanachana kila kitu pembeni yake. Watu wakapiga makofi. Uyoga ule uko mezani kwangu hadi leo, huwa nauchezea nikisahihisha.

Kuna jambo nililijua na sikulisema. Risasi laini inafaa kwa nguruwe na swala. Nyati ana bega nene, na risasi ikifungukia kwenye mfupa inamaliza nguvu zake juu juu, haifiki moyoni. Nilikuwa nimelisoma hilo. Nililiacha kwa sababu makofi yalikuwa matamu.

Wiki mbili zilizopita nyati aliingia kwenye mihogo ya watu. Tonton akaenda na risasi nilizomchagulia. Akampiga begani, vizuri kabisa. Nyati akayumba, akageuka, akamjia.

Mguu wa kulia umekatwa hospitalini hapa mjini.

Vijana walimmaliza mnyama kesho yake, na binamu yangu akanitumia picha ya kidonda: kipana kama bakuli, kina chake vidole viwili. Niliifuta hiyo picha kabla sijamaliza kuitazama.

Sasa, kwetu kuna mwiko. Mume akiwa porini, mke asilale na mwanamume mwingine. Akilala naye, risasi ya mume inaisha nguvu. Wazee waliokuja kumwona mgonjwa walikaa leo kwangu, na papa Léon, mkubwa wa ukoo, akamgeukia tantine Véro, mke wa tonton.

"Véro, risasi ilifika pa nyama, lakini nguvu haikukuwa. Donc, basi, iko mwanaume uliingiza mu nyumba. Sema jina yake."

Tantine alilia, akaapa kwa watoto wake. Haikusaidia. Tonton mwenyewe, kutoka kitandani, alishawaambia kwamba kosa ni la mkewe. Afadhali mke malaya kuliko mwindaji aliyechagua risasi vibaya. Namwelewa sana.

Nilisimama. Kweli nilisimama.

"Professeur, uko na neno?" papa Léon akaniuliza.

Nikasema naenda kuongeza chai.

Walimruhusu begi moja. Nilimbebea hadi kwenye pikipiki, tena nikajiona mtu mwema. Alipokwisha kukaa nyuma ya dereva, akanitazama kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Ile siku ya madaftari nilikuwa pale, mutoto yangu," alisema. "Ni mimi nilianza kukupigia makofi."

Ameenda kwa kaka zake, mbali kupita Bengamisa. Watoto wamebaki.

Madaftari hayana mfupa. Ningesema maneno hayo matatu tu, siku ile au leo, angekuwa na nyumba yake.

Wazee wanaondoka kesho saa nne asubuhi. Nikisema kabla hawajapanda gari, wanaweza kumrudisha, na mimi nitakuwa mtu aliyemkata mguu baba yake mdogo. Saa nne nina darasa la tano la sekondari. Naweza kuomba ruhusa, mkuu wa shule hana neno.

Somo ni nishati. Nimeshaliandaa, na uyoga nimeutia mfukoni mwa koti ili wanafunzi wauone.