Koti la Askari wa Kwenye Simu

Wifi yangu Jesca,

Natumaini Mama na watoto hapo Masasi ni wazima. Sie huku Mwenge tupo, ila mvua imeingia ndani ikatuharibia godoro.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu anayo kaka yako. Ferdinand ana gemu la askari analochezaga. Humo wanauza maboksi: unalipa kwanza, halafu unafungua bila kujua utapata nini. Anachotafuta ni koti jekundu la kumvalisha askari wake. Halimwongezei nguvu, ni pambo tu.

Nilimsihi aache. Akalifuta gemu mbele yangu, akalia, tukasali pamoja. Wiki haikuisha nikamkuta chooni anafungua maboksi kwa simu yangu. Patasi zake za kuchongea vinyago ameshauza. Sokoni anakaa tu kuwatazama wenzake wakichonga.

Juzi tukiwa tunakula akaniuliza kwa upole, "Hivi Mama hati ya shamba la mikorosho anaiwekaga wapi?"

"Sijui," nikamjibu.

"Basi nitamuuliza mwenyewe."

Kesho anasafiri kuja huko. Barua hii anakuletea jirani yangu Recho, anayeondoka leo. Kaka yako mpokeeni vizuri, ni mtoto wa nyumbani. Ila hati itoe humo ndani kabla hajafika, na usimwache Mama peke yake naye. Tangu akate tiketi amekuwa mchangamfu mno, wifi, na mie naogopa.

Wako,
Anastasia