Nyumba ya Baba na ile ya Uingereza

Maskati, Jumatano, Mei 1998

"Waingereza wanalinda majumba, Dada, si vibanda vya udongo." Ndivyo alivyonambia leo mdogo wangu Salim, anayetaka kuibomoa nyumba ya marehemu Baba iliyoko mtaa wa Matrah.

Hajui asemalo. Nilipokuwa nasoma Uingereza nilipanga chumba katika nyumba inayolindwa na sheria. Mbele mawe ya kuchonga. Nyuma mawe ovyo na matofali yaliyopinda, maana mjenzi alijali macho ya wapita njia tu. Sheria inalinda kote, mbele na nyuma.

Ya Baba nje ukuta mtupu, uzuri wote ndani, kwenye ua na dari zenye nakshi. Salim hajaingia tangu matanga. Nnaogopa, ndugu wote wanamsikiliza yeye.

Salim, nanyi mnaomuunga mkono: kabla tingatinga halijatoka huko mtaa wa Ghala linakokodiwa, ingieni mlale humo usiku mmoja.