Ubavu Unaoelekezwa Ukutani

Gereji, 3 Machi

Kwako mpwa wangu,

Mimi mzima: kifua kizima, ngumi nzima. Kama na wewe u mzima, shukuru Mungu kwamba tuko mbali. Mama yako msalimie sana, mwambie dada yangu sina ugomvi naye ila kwa kukuzaa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utalia, na kilio chako hunilegeza. Leo sitaki kulegea.

Ile video yako ya chuo imefika kwenye simu ya mpaka rangi wetu hapa gereji. Nilishatangaza gereji nzima kwamba nimeigiza, hata mama wa chai nilimwambia asimimine kikombe mpaka anione. Tukaizunguka simu kama nzi. Mwanzo nikavimba. Nimeegemea boneti la gari jeusi, miwani usoni, koti la harusi yangu, moshi unapita, na mwenzako yule mwembamba anaimba nyimbo zenu za kujisifu, bosi mwenyewe ni mimi. Mpaka rangi akasema, "Fundi, unatisha!" Nikamwambia, "Nyamaza, bado."

Kumbe bado kweli! Ubeti wa pili kamera ikazunguka. Mpwa, umekulia mikononi mwangu, unajua desturi ya fundi bodi: gari linalongoja kunyooshwa, ubavu mbovu huelekezwa ukutani, ubavu mzuri huelekezwa langoni. Ndivyo mteja anavyositiriwa. Ule upenyo kati ya gari na ukuta, hata paka hupiga hodi kwanza. Wewe ukajipenyeza na kamera! Milango miwili imebonyea kama debe la mafuta, na mimi huyo: juu koti la harusi, chini ovaroli la grisi. Suruali ya suti ile hainiingii tangu mwaka uleule wa harusi, na nani amewahi kuona video ya aina hiyo ikaonyesha miguu ya bosi? Halafu navua koti, nashika nyundo, nadhani mmeshazima. Hamkuzima!

Watu walicheka mpaka kompresa ikazimika yenyewe. Sasa naitwa Nusu Suti. Mimi! Niliyelinyoosha lori lililopinduka mara saba, mwenye nalo akalikataa, akasema lake halikuwa jipya hivi!

Itoe sehemu hiyo. Yote. Usinifanye nije huko.

Mjomba wako mwenye jina,
Mkono wa Chuma


Chuoni, 8 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu, mkaza mjomba mpe salamu zangu. Afya yangu nzuri. Na mimi nina hasira, nitaisema kwa adabu mpaka adabu iniishie.

Mwalimu alituambia: chagueni aina ya wimbo, mfuate desturi za video zake au mzivunje, kisha mseme kwa nini. Darasa zima limefuata. Gari, miwani, moshi, wasichana wa kukatika viuno, na hakuna anayeuliza gari ni la nani. Mimi nilifuata ubeti wa kwanza ili nipate cha kuvunja kwenye wa pili. Wimbo wote unasema "mimi ndiye, mimi ndiye". Nikazunguka gari nimtafute huyo mimi ndiye. Nikamkuta ana nyundo.

Sikukucheka, Mjomba. Waliokucheka ni rafiki zako. Ulipoupiga ule mlango, nyundo iliangukia kwenye mdundo, na hakuna aliyekuelekeza.

Na uliniambia gari ni lako, kumbe la mteja! Nikamwambia mwalimu ni lako!

Sasa sikiliza. Mwalimu ana sharti: kila anayeonekana lazima awe amekubali kwa kinywa chake. Onyesho ni Ijumaa, tarehe 20. Nikikutoa, sina video, nina ya kila mtu. Mwaka mzima wangu uko kwenye mlango ule uliobonyea. Neno moja tu: ndiyo.

Mpwa wako


Gereji, 11 Machi

Mpwa,

Salamu zako nimezipokea, mkaza mjomba wako kazipokea pia, tena naye kacheka. Ndani ya nyumba yangu!

Hapana.

Gari ni langu likiwa mikononi mwangu. Daktari akikupasua tumbo, kwa saa ile tumbo ni la nani? Na huo mdundo unaousema, sikuufuata mimi, wenyewe ulinifuata. Mimi nikigonga, mtaa wa pili wanarekebisha saa zao.

Leo mteja ameingia langoni, hajauliza bei, hajauliza kazi, kauliza, "Nusu Suti ndiye yupi?" Umeona ulichofanya? Miaka yote hii nimejijengea jina bati kwa bati, umelibonyeza kwa dakika tatu, na jina halina nyundo yake.

Weka mtu mwingine. Huyo mwembamba hana kazi.

Mjomba wako, na bado ni
Mkono wa Chuma


Chuoni, 14 Machi

Shikamoo.

Nimekutoa. Mwembamba ameegemea gari la mwalimu, kavaa suti nzima, juu na chini. Kamera haisogei. Nimemtumia mpaka rangi, muiangalie mfurahi.

Usinijibu.

Mpwa


Gereji, 21 Machi

Wewe mtoto,

U mzima? Mimi si mzima, kichwa kinanigonga tangu jana. Umesema nisikujibu. Tangu lini nikatii? Darasa la sita niliambiwa nisitoke, nikatoka mpaka leo.

Tumeiangalia. Mpaka rangi kaifunga katikati, anasema, "Hii nimeshaiona." Hajawahi kuiona! Mama wa chai kauliza, "Mbona Nusu Suti hayumo?" kisha akaenda zake kumimina chai. Hakuna aliyecheka. Wamerudi kazini kama watu waliotoka kusikiliza taarifa ya maji kukatwa.

Nikabaki na simu peke yangu, na hasira zikanipanda upya. Ndiyo nini hii? Huyo mwembamba ameegemea boneti kama shati lililoanikwa! Hajui hata chuma kina joto. Na hilo gari la mwalimu wenu lina kutu chini ya mlango wa kushoto, nimeiona rangi ilivyovimba, na nyinyi mkapita kimya. Waoga! Nimekaa nangoja kamera izunguke, nangoja, nangoja, wimbo ukaisha. Mbona haizunguki?

Rudisha nyundo yangu. Nasema ndiyo. Mwambie mwalimu nimekubali kwa hasira, aseme hivyohivyo mbele ya watu, asipunguze.

Najua jana ilikuwa Ijumaa. Airudishe. Mimi niliyewahi kusimamisha treni kwa mbinja, Ijumaa moja ndiyo itanishinda?

Mjomba wako


Chuoni, 26 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kichwa kimepoa. Changu bado.

Ijumaa haina haja ya kurudishwa. Nilionyesha ile yenye nyundo, nzima, mpaka mwisho. Ile ya mwembamba niliitengeneza kwa ajili yako peke yako, ukome.

Mwalimu aliniuliza mbele ya wote, "Mjomba wako amekubali?" Nikasema amekubali, tena kwa furaha, tena aliposikia alicheza, tena ameniombea dua. Uwongo ulinitoka bila hata kukohoa. Nikajiuliza nimeutoa wapi, nikakumbuka nimekulia mikononi mwa nani.

Usidhani naona fahari. Ulipovua koti, ukumbi ulipiga makofi kufuata nyundo, na mimi nikashindwa kufurahi hata kidogo. Ulininyima neno moja, nikaliiba. Kwa hilo nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia mimi, sijui nani zaidi.

Alama sikuambii mpaka uulize vizuri.

Mpwa wako


Gereji, 30 Machi

Mpwa,

Salamu leo sitoi. Mwizi hasalimiwi.

Neno langu lilikuwa kinywani mwangu, halikuwa njiani ukaliokota. Ukifunga chuo, njoo usimame hapa mbele yangu uliombe upya. Nitakunyima kwanza, kila mtu asikie, kisha nitakupa. Na mimi sijawahi kucheza kwa furaha ya video ya mtu. Mwambie mwalimu huo mguu haukunyanyuka.

Gari jeusi limeondoka, milango inang'aa. Limeingia jekundu, limekula nguzo ya umeme, ubavu mzima uko ndani. Nimeliegesha ubavu mbovu ukitazama lango. Tajiri wa gereji kafoka, "Fundi, umerogwa? Geuza!" Nikamwambia aliache, kuna mtu atakuja na kamera na upenyo wa ukutani haumtoshi tena, amenenepa kwa uwongo.

Sijakusamehe.

Haya, vizuri: alama ngapi?

Mjomba wako,
Nusu Suti