Barua Mbili za Mama Sijaona

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Siku ya kwanza ya staji, mafunzo ya kazini! Kiwanda cha sabuni, ofisi ya wafanyakazi. Miaka mitatu chuoni nasoma rasilimali watu kwenye fotokopi, leo nimewaona watu wenyewe — mia moja na arobaini, karibu wote wanaingia kwa lango moja la miguu, na mlinzi anaandika kila anayechelewa. Mkuu wangu ni Madame Prudence. Hacheki ovyo. Amesema staji ni wiki sita, na mwishoni nafasi ya msaidizi ni moja tu. Nikiipata, nimeanza maisha. Mama yangu hapa mtaani Buyenzi ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe Hayat ni chef, mkubwa wa ofisi. Mama huyu!

Jumatano, 9 Aprili

Mvua usiku kucha. Leo nimeandika barua yangu ya kwanza ya kikazi! Wanaiita demande d'explication: mfanyakazi akikosea anaulizwa kwa maandishi, naye ana saa arobaini na nane za kujibu, kwa maandishi pia. Kwa Kifaransa. Ya leo ni ya mama mmoja wa kufunga sabuni, anaitwa Sijaona. Kachelewa mara tatu katika wiki mbili. Mwaka huu ameshapata barua mbili. Jibu la hii ya tatu lisiporidhisha, anafukuzwa.

Madame alinipa mambo ya kuandika. Neno moja niliongeza mwenyewe: kwamba "anaidharau kazi". Lilisikika kama la wakubwa. Nikachapa, nikapigia Objet, kichwa cha barua, mistari miwili chini, kama Mwalimu Gélase alivyotufunza chuoni. Madame akasoma, akasema nina mkono mzuri. Nimerudi nyumbani siioni njia kwa furaha.

Alhamisi, 10 Aprili

Aibu. Aibu tupu.

Mchana nakula maharage yangu kwenye ngazi, akaja mama mmoja wa makamo, kitenge kimelowa hadi magotini. "Mutoto yangu, wanasema we unajua Kifaransa. Nisaidie kujibu hii. Mi sikusoma."

Akafungua fundo la kitenge. Barua yangu! Imekunjwa mara nne.

Alitaka kwanza nimsomee. Nikasoma, nikiigeuza Kiswahili. Nilipofika kwenye dharau nikalisoma mbio.

"Huyu mutu aliandika, ananijua?"

"Pengine hakujui, mama."

Pengine! Mwoga mkubwa mimi.

Akanieleza. Anakaa Buterere. Mvua ikinyesha, maji ya mashamba ya mpunga yanaingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Anabeba watoto mgongoni, mmoja mmoja, mpaka kwa dada yake juu ya barabara. Ndipo anaanza safari ya kazi, kwa miguu. "Ningewaacha mu maji?" Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Nimemwambia nitamwandikia. Lile jingine sikumwambia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekaa na daftari la lango asubuhi yote. Somo la utoro kazini lilinipa alama kumi na moja kwa ishirini, nikamlaani Mwalimu Gélase mbele ya darasa zima — leo namwomba radhi. Nilichora jedwali: jina, siku, mtaa. Wako tisa wa Buterere. Wote tisa wamechelewa siku zilezile tatu, na kila moja imefuata usiku wa mvua. Na Loïc wa mauzo, anayeshuka na gari toka Kinanira kwa matajiri saa tatu, kazi imeshaanza zamani? Hayumo. Lango la magari halina daftari!

Nikaandika jibu kwa kalamu. Maji, watoto, siku zenyewe, jedwali nyuma. Mwisho ombi: siku za mvua watu wa Buterere waanze saa moja baadaye, waifidie jioni. Sijaona alisikiliza yote, akasema "ndiyo vile", akaweka kidole gumba kwenye wino. Tumeiwahisha kabla muda haujaisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Sina hamu ya kula. Nimemsimulia Mama. Kwanza alisema ninyamaze, nafasi ni moja, nisijichongee. Akamenya ndizi mbili tatu. Halafu akauliza wale watoto wanashinda na nani. Mvua imeanza tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango wa mkurugenzi.

Saa nne Madame alituita wote wawili, mimi na Sijaona. Barua mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Akamuuliza Sijaona nani alimwandikia. Sijaona akatazama chini: "Mutoto ya jirani." Alikuwa ananificha! Mimi!

Madame akaweka kidole kwenye Objet ya kwanza, mistari miwili. Akakiweka kwenye ya pili. Mistari miwili. Akanitazama juu ya miwani.

Nikasema zote ni zangu. Nikasema hivyo kwa Kiswahili, ili asikie anayestahili kusikia. Na neno dharau — langu, hakuna aliyenituma.

Madame akainuka. Akachukua barua zote mbili, na jedwali, akaingia kwa mkurugenzi. Tungoje, alisema. Imepita nusu saa sasa.

Sijaona alikaa mwisho kabisa wa benchi. Kisha: "Ni we ulisema mi ninadharau kazi?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema: "Ile ya pili, isome tena."

Karatasi iko ndani, nikaisoma kwa kichwa. Maji, watoto, siku. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasogea upande wangu, kidogo tu, likabaki begi langu tu katikati yetu.

Ndani Madame anaongea. Mkurugenzi simsikii. Nimetoa daftari hili, naandika tukingoja.

Sijaona anatazama kalamu yangu. Ameniuliza, polepole, barua hii nayo inamwendea nani.