Kile Kitabu Kishakuja?

Jumatano. Joto la kupika mtu, na stima imepotea tangu saa sita mchana. Nimetoka zamu, nimevua buti, nimeketi barazani na simu yangu. Kichwa hakitulii.

Kesho nitasifiwa mbele za watu, na sijui nifurahi ama nijifiche.

Kwa anayesoma blogu hii mara ya kwanza: mimi ni konstebo, nakaa meza ya kuripoti katika kituo kimoja cha polisi hapa Malindi. Jina langu sijawahi kuliandika, na leo nashukuru. Kesho wakubwa wanakuja kutoka Kilifi kusikiliza ripoti yetu ya mwaka, na wananchi wamealikwa. Mkuu wa kituo amenichagua mimi niisome. Inasema uhalifu umepungua, tena mwaka huu huu tuliokatiwa bajeti, gari likakaa juu ya mawe uani, na tochi tukawa tunapokezana. Mkuu anatembea kifua mbele. "Tumefanya mengi kwa kidogo," anarudia, mpaka mahabusu wamekariri.

Na mimi niliamini, kwa moyo mmoja. Mpaka jana, nilipokuwa natafuta kalamu kwenye droo, nikakuta daftari la shule lenye jalada la buluu.

Wakati wa masika kitabu chetu cha matukio kilijaa. Ndicho kile OB, ambamo kila shida ya raia huandikwa na kupewa namba. Bila namba hakuna kesi, na shida haihesabiwi kwenye ripoti. Tukaomba kipya, tukaambiwa pesa za kuchapisha hakuna, tusubiri. Basi nikanunua daftari dukani, nikawa naandika humo, na kila aliyekuja nikamwambia: "Nenda nyumbani, kitabu kikija tutakuita."

Kitabu kilikuja baada ya wiki nyingi. Nikaanza na shida za siku ile, matukio ya daftarini nikasema nitayahamisha nikipata nafasi. Kisha nikaenda likizo kwetu Adu, kuwasaidia wazazi kuvuna mahindi. Nikasahau. Sina neno jingine la kujitetea.

Hatukumwita hata mmoja.

Sasa uhalifu umepungua, ama nimeupunguza mimi? Labda hata tukiyaongeza ya daftarini bado umepungua. Labda wengine walichoka kuja kwa mapolisi wasio na gari. Kila nikishika jibu moja, lingine linaninyang'anya.

Asubuhi nimempelekea mkuu lile daftari. Nilidhani atafoka. Amelifunga taratibu, akanirudishia, akasema, "Konstebo, ripoti ishapigwa muhuri. Hili ni daftari la shule." Na si mtu mbaya, betri za tochi hununua yeye mwenyewe. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nimepita mtaa wa Kisumu Ndogo, nikamkuta Bi Mwanasiti mlangoni kwake, anashona pindo la kanzu kwa mkono, kidole amekifunga kitambaa. Ni fundi wa nguo. Cherehani yake iliibwa masika, na jina lake ndilo la kwanza kabisa daftarini.

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kesho mna shughuli. Nitakuja niwapigie makofi, kazi mwaifanya." Akakata uzi kwa meno. "Na kile kitabu, kishakuja? Mie sikutaka kuwasumbua, nikasema wataniita."

"Bado, Bibi," nikamjibu.

Bado! Kitabu chenyewe kimekaa mezani pangu hata pembe zimeshachakaa. Sijui kwa nini nilisema vile. Mdomo ulitangulia, na yeye akaniitikia kwa upole, "Haya, subira," akarudi kwenye pindo lake. Naona haya mpaka sasa.

Kesho atakuwa kiti cha mbele, namjua. Ripoti sijui kama nitaisoma ilivyo, ama nitasimama na daftari mkononi nimwaibishe mkuu na kujiharibia kazi. Nimegeuza geuza, sijapata.

Moja tu nimeliamua. Alfajiri, kabla viti havijapangwa, nitafungua OB niandike cherehani ya Bi Mwanasiti, kisha mimi mwenyewe nimpelekee namba yake.

Ataipokea kwa mikono miwili, aniombee dua. Halafu ataniuliza kitabu kimekuja lini.

Nitamwambia nini?