Njano Imegoma Kutoka kwenye Jina la Mjukuu Wangu

Nimepata mjukuu! Wa kike, kilo tatu na nusu, nywele tele utadhani kapitia saluni kabla ya kuzaliwa, na mguu wa kushoto una kidole kirefu kama changu, kwa hiyo hakuna wa kubisha katokea upande gani.

Mpendwa mshauri, sasa ndiyo nakusalimu, shikamoo, na kama u mdogo kwangu basi hiyo ihesabu kama marahaba, naomba msaada wako na uwe wa haraka maana nina mpaka Jumatano. Mimi ni Mama Elieth wa Ushirombo. Usilifiche jina langu, liandike lote, mjukuu hanitii aibu, aibu yangu ni ya kitu kingine na ndicho ninachokuja nacho.

Huyu Elieth ndiye mwanangu wa kwanza, na jina nilimpa mimi mwenyewe, mama mkwe wangu alikuwa na lake akanuna wiki mbili lakini nilisimama imara, nikamwambia mtoto nimembeba mimi mgongo ukaniuma mimi. Na angalia lilivyomfaa, sasa hivi ni karani wa takwimu kwenye ofisi moja Geita mjini, wanaume wenye tai zao wanamsubiri yeye afike ndipo waulize kompyuta imesemaje. Mimi nimeishia darasa la saba, ila la saba la enzi zile, ukimaliza unaandika barua kama hii bila kusaidiwa. Mumewe ni Donatus, kijana wa Tinde, mpole, hana neno na mtu.

Basi kwa ajili ya ubatizo, ambao unafanyika huku kwetu Ushirombo, Elieth akatengeneza jedwali la Eksel akatutumia kwenye simu sisi mabibi wawili, mimi na mkwe wangu Asteria, yaani mama yake Donatus, tupange pamoja. Mle ndani kuna visanduku, viti vingapi, ng'ombe wangapi, nani atasema neno la shukrani na kwa dakika ngapi. Na ufundi wa mwanangu ni huu, ukibadilisha kilichomo kwenye kisanduku, kinageuka njano chenyewe, hakuna anayekipaka! Ofisini kwake wamemsifia sana kwa jambo hilo. Alinipigia kunieleza linavyofanya kazi, akataja nakala ya mwanzo aliyoifungia, na kila kisanduku kujilinganisha na mwenzake wa kule, lakini mimi nilikuwa nasonga ugali simu iko begani, nikawa naitikia tu ehe, ehe, wabeja mwanangu, asante.

Nilipofungua nikakuta kichwa cha jedwali kimeandikwa Ubatizo wa Lusia, vizuri, lakini kisanduku cha jina la nyumbani ni kitupu. Nikasema watoto hawa wamechoka na kulea, wamesahau. Nikaandika KABULA, jina la marehemu mama yangu, kwa herufi kubwa asipite mtu bila kuliona. Kuinua kidole tu, kisanduku kikawaka njano!

Mshauri, mimi nimepikia wachimbaji Mwakitolyo miaka sita. Nimeona wanaume wazima wamepiga magoti mbele ya beseni la maji machafu kwa ajili ya chembe moja tu ya njano, na wakiiona wanakumbatiana na watu wasiosemeshana nao. Sasa mtu aliyekaa kule akiona njano inajitokeza yenyewe kwenye jina la mama yake, moyo utamwambia nini? Nikajua mashine imelipokea. Nikamwita mume wangu.

"Baba Elieth, njoo uone, mama amekuwa dhahabu!"

Akavaa miwani, akaigeuza simu juu chini. "Hii imeingia maji."

"Mshamba wewe," nikamwambia, nikaendelea na kazi yangu.

Maana nilikuwa nimeshanogewa. Viti vilikuwa sijui hamsini sijui sitini, nikaweka mia mbili, njano. Ng'ombe alikuwa mmoja nikaweka wawili, njano. Neno la shukrani walikuwa wamempa Bibi wa Tinde, dakika tano, nikaandika Bibi wa Ushirombo, dakika arobaini, njano tupu, tena naona ile iling'aa zaidi. Siku ya pili kisanduku ambacho sikukigusa kilikuwa kimoja tu, cha tarehe. Nikaenda na jedwali langu mazoezi ya kwaya, nikawaonyesha wenzangu, nikasema tazameni mwanangu anavyothamini mawazo ya mama yake.

Kesho yake nafungua, nakuta mahali pa Kabula pameandikwa MINZA. Na njano yake! Minza ni marehemu mama mkwe wa Asteria. Nikafuta, nikamrudisha mama yangu. Nikatoka kugeuza mpunga juani, narudi, Minza. Nikaweka Kabula. Nachuja chai, Minza. Tulikwenda hivyo siku tatu, chai zikipoa, mpaka Asteria akapiga simu.

"Mwangaluka, mkwe."

"Mwangaluka, Mama Donatus."

"Nasikia huko mmeshampa jina mtoto wetu."

"Si mimi niliyempa, hata mashine imelikubali, imewaka njano."

"Mbona kwangu Minza naye anawaka? Au mashine yenu inakubali kila anayepita?"

"Mama Donatus, mtoto kabebwa na nani?"

"Na ukoo ni wa nani? Kwetu wa kwanza anaitwa na upande wa baba, hilo unalijua tangu hujavunja ungo. Haya, kaa na ng'ombe wako wawili na dakika zako arobaini. Mimi huko Ushirombo sikanyagi."

Akakata. Mshauri, mimi sijawahi kukatiwa simu na mtu wa Tinde.

Jioni ile Elieth akaandika kwenye kundi la familia, nayanakili maneno yake kama yalivyo: "Mama zangu, njano siyo pongezi. Njano maana yake kuna mtu kabadilisha. Jumatano saa sita mchana nafungua jedwali. Nikikuta kisanduku hata kimoja kinawaka, Lusia atabatizwa huku huku Geita, mimi na Donatus na msimamizi basi. Nyie mtatumiwa picha."

Picha! Mimi nitumiwe picha ya mjukuu wangu mwenyewe, na kitenge nimeshashona, na kwaya nzima nimeshaialika, na jirani yangu Justa nimemwambia mara nne!

Ndipo nikaanza kuhangaika. Nikatafuta pale pa rangi nikapaka kisanduku cheupe, kikanitazama na njano yake vilevile. Nikakipaka tena, wapi. Nikaenda kwa Nasibu, fundi simu wa stendi, akasema, "Mama, hiki labda ni kioo," nikamnyang'anya simu yangu. Mwisho nikajishinda mwenyewe, nikaandika Minza kwa kidole changu hiki hiki, machozi yananilenga, nikijua sasa itazima. Ikabaki njano! Nisikudanganye, nilifurahi kidogo. Nikajaribu Asteria, nikajaribu Justa, nikajaribu hata jina langu mimi, njano, njano, njano.

Ninachoomba ni mambo mawili. Kwanza, nipe dawa ya kuitoa hii njano kimyakimya kabla ya Jumatano, Elieth akute ni kweupe. Pili, umweleze Asteria kupitia gazeti, kwa adabu, kwamba aliyeanza ni yeye.

Mimi Mama Elieth, sasa pia Bibi Lusia,
Ushirombo

JIBU

Bibi Lusia, marahaba, na hongera ya mjukuu. Sasa weka simu chini unisikilize, maana mara ya mwisho ulipoelezwa jambo hili ulikuwa na mwiko mkononi.

Nianze na ombi la pili, ni jepesi. Aliyeanza ni wewe. Umeliandika mwenyewe kwa mkono wako na nimelisoma mara mbili. Kisanduku kilikuwa kitupu, ukakijaza. Asteria alikukuta ndani.

Tuje kwenye njano. Kwenu mapacha wakizaliwa, mmoja ni Kulwa na mwingine Doto. Basi kila kisanduku unachokiona kwenye simu ni Doto. Kulwa wake yuko kwenye ile nakala ya mwanzo ambayo Elieth ameifungia, na wewe humfikii. Doto akiwa sawa na Kulwa, kimya. Akitofautiana naye hata kwa herufi moja, anawaka. Ndiyo maana ulipaka nyeupe ukashindwa, kwa sababu njano ile haikupakwa na mtu. Itazima yenyewe siku Doto atakapofanana na nduguye, na haitazima kwa njia nyingine, hata ukimlipa Nasibu kioo kipya.

Kwa hiyo fanya hivi, leo, si Jumatano asubuhi. Anza na viti. Andika hamsini. Ikibaki njano, andika sitini. Ikizima acha hapo hapo, usiongeze hata kigoda. Ng'ombe rudisha mmoja, mtashiba. Neno la shukrani mrudishie Bibi wa Tinde na dakika zake tano, na ukae umsikilize umefunga mdomo. Dakika arobaini, mama? Hata padri hapewi hizo.

Sasa jina. Umejaribu Kabula, umejaribu Minza, umejaribu mpaka jirani, na kila mara kimewaka. Hukujiuliza kwa nini? Umekieleza mwenyewe, kilikuwa kitupu. Kulwa wake hana neno ndani. Elieth na Donatus hawakusahau kitu, jambo lililo lao waliliacha wazi wasiwagombanishe mama zao, na nyie mkaingia bila hodi. Futa. Usiandike chochote, toa kidole. Hapo ndipo kitakuwa cheupe, na ndipo utajua mwanao alitaka nini.

Najua itakuuma. Jina la mama yako si jambo dogo, na sitakucheka kwa hilo. Lakini mkumbuke kijana mmoja wa kike, mwaka ule alipojifungua, mama mkwe akaja na jina lake, naye akamjibu kwamba mgongo uliuma wa kwake. Alinuniwa wiki mbili na hakurudi nyuma. Elieth mgongo wake ni wa plastiki? Na angalau Asteria anapigania jina la mama mkwe wake. La mama mkwe wako wewe ulilifukuza, na leo hata kwenye barua hukulitaja.

Ukitaka Kabula akumbukwe, usimwandike kwa herufi kubwa. Subiri arobaini ya mzazi ipite, kaa na binti yako akinyonyesha, umsimulie mama yako alikuwa mtu wa namna gani, alicheka vipi, alikulea na nini. Kisha nyamaza. Atakachoamua kiwe hicho, na usinune hata siku moja, wiki mbili za kununa mama mkwe wako alishazimaliza.

Nawe usifute ukajificha. Ulitaka iwe kimyakimya, mimi nakukatalia. Ukishamaliza mpigie Asteria kabla hajafungua simu yake, usimwandikie, mpigie. Akiitikia usianze na mtoto kabebwa na nani. Sema hivi: "Mama Donatus, nilianza mimi. Nimekiacha kitupu, na wewe kiache kitupu, tuwaachie wenyewe." Akinyamaza, ngoja. Akikata, piga tena. Wewe ndiye mwenye uwanja na masufuria, kwa hiyo wewe ndiye wa kumwita, na akija mketishe mbele, pembeni yako, si nyuma ya spika.

Na kama utakosa maneno, fungua jedwali umkumbushe kile kisanduku kimoja ambacho katika vita vyenu vyote hakuna aliyethubutu kukigusa, wewe wala yeye, kwa sababu pale mlikuwa mmekubaliana tangu mwanzo. Msomee kilivyoandikwa: Jumapili, tarehe 14 Juni, misa ya pili, Ushirombo.